Barua ya wazi kutoka Nzega: kabla ya mvua, muulizeni anayeshuka duarani

Kwa Waziri mwenye dhamana ya madini. Tume ya Madini. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mkuu wa Mkoa wa Tabora. Wakuu wa Wilaya zenye machimbo, kuanzia Nzega, Igunga hadi Sikonge. Afisa Madini Mkazi. Na viongozi wa vyama vyetu vya wachimbaji.

YAH: WACHIMBAJI KUSHIRIKISHWA KUTAMBUA HATARI ZA KAZINI

Shikamooni wakubwa zetu, na kwa walio rika langu, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa matimba katika machimbo madogo ya dhahabu hapa wilayani Nzega. Kwa asiyeyajua, matimba ni miti tunayoipanga kwenye kuta na dari ya duara, yaani shimo tunalochimbia, ili mwamba na udongo visimwangukie aliye chini. Nimeianza kazi hii nikiwa kijana, na sasa nina vijana ninaowafundisha. Nawaandikia waziwazi kwa sababu ninachokiomba hakimhusu kiongozi mmoja. Kila mmoja wenu ameshika kipande chake, na sijaona siku vipande hivyo vikiwekwa mezani pamoja.

Ombi lenyewe ni hili: mchimbaji anayeshuka duarani apewe nafasi inayotambuliwa rasmi ya kutaja hatari anazoziona kabla kazi haijaanza, asikilizwe, apate jibu siku hiyohiyo, na asipoteze mgawo wake kwa sababu amesema.

Naandika sasa kwa kuwa mvua zinakaribia. Kwetu Tabora mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na miezi hiyo ndiyo udongo unapobadilika tabia. Mnaikumbuka Januari 2024 kule Bariadi, mkoani Simiyu, ambako zaidi ya wachimbaji 20 walipoteza maisha baada ya kufukiwa, wengi wao vijana, katika kipindi cha mvua kubwa na mahali ambapo uchimbaji ulikuwa umezuiwa. Katazo lilikuwepo. Swali linalonikaa kichwani tangu siku ile ni nani kati ya wale vijana aliwahi kuulizwa anauonaje ule udongo, na kama angesema ni mbaya, angemwambia nani, na jioni yake angekula nini.

Naomba mnivumilie nieleze kwanza mambo anayoyajua mtu wa chini, kwa kuwa nadhani hapo ndipo tunapopishana.

Mwamba hutoa dalili. Ukigonga dari kwa mtaimbo, mahali pazima panalia kwa sauti kavu, ya chuma kwenye jiwe. Mahali palipoachana, sauti inakuwa nene, ya kitu chenye uwazi nyuma yake, na hapo unaangusha kilicholegea kabla hujakaa chini yake. Matimba nayo husema. Mti uliobeba uzito kupita nguvu zake hulia kabla ya kuvunjika, gome linapasuka, kabari linachomoka lenyewe. Vumbi laini likianza kushuka kwenye ufa wakati hakuna anayegonga, mtu mzima hasubiri kuambiwa. Maji yaliyokuwa yakidondoka yakiwa safi yakigeuka tope, ujue kuna mahali udongo unaliwa. Na juu kwenye mdomo wa duara, zikitokea nyufa nyembamba baada ya mvua ya usiku, au kifusi kikiwa kimerundikwa karibu mno na ukingo, mvutaji wa winchi ndiye wa kwanza kuziona kwa sababu miguu yake iko palepale.

Kuna pia jambo ambalo aliye juu hawezi kuliona hata akiwa na elimu ya namna gani, nalo ni jirani. Maduara yetu yamesongamana. Yanaanzia sehemu mbalimbali lakini yote yanafuata mkanda uleule wa dhahabu, kwa hiyo huko chini yanakaribiana mpaka unasikia nyundo za wenzako. Ramani ya chini mara nyingi hakuna. Anayejua kuwa ukuta umebaki mwembamba ni yule anayezisikia nyundo zikisogea siku hadi siku, na ndiye anayejua wale wa upande wa pili hulipua saa ngapi. Asipoulizwa, taarifa hiyo anakaa nayo kichwani mpaka siku ukuta unapofunguliwa na baruti ya watu wengine.

Baruti nayo ina habari yake. Mnatoboa matundu, mnalipua, mnahesabu milio, na mmoja unakosekana. Hilo tundu lililogoma liko pale, limejaa. Zamu iliyolipua inalijua. Zamu inayofuata inashuka na mitaimbo na nyundo bila kujua chochote, kwa sababu waliotoka wamechoka na wameshaenda kula. Hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika hapo. Kinachohitajika ni waliotoka na walioingia wasimame pamoja dakika chache na mmoja aseme: upande wa kulia, chini, tundu moja halikulipuka, msiguse mpaka mlipuaji mwenye kibali afike.

Hatari nyingine, hata hivyo, haina sauti wala harufu, na hapo mchimbaji naye anahitaji kufundishwa. Wazee walituachia mshumaa: ukishusha mshumaa duarani ukafifia au kuzimika, hewa ya kupumua imepungua, usishuke. Ni elimu ya kweli na imeokoa watu. Lakini mshumaa hauitambui kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye moshi wa injini na kwenye ulipuaji. Gesi hiyo haionekani, hainuki, na mshumaa utaendelea kuwaka vizuri huku mtu akilegea magoti. Ndiyo maana masika yanatuua kwa njia mbili. Maji yanajaa, watu wanashusha pampu ya petroli hadi chini ili ivute kwa nguvu, injini inanguruma kwenye shimo lisilo na pa kutokea hewa. Anashuka mmoja kuizima, anaanguka. Anashuka wa pili kumwokoa mwenzake, naye anaanguka. Wa tatu anashuka kwa sababu ni ndugu yake. Yeyote aliyekaa machimboni muda mrefu amewahi kusikia msiba wa namna hii, wa watu waliokufa wakifuatana kwa upendo.

Kwa hiyo ninaposema tushirikishwe, nataka mazungumzo ya pande mbili. Sisi tuwaambie mnachoweza kukikosa mkiwa juu, na ninyi mtupe tusichoweza kukigundua kwa macho na masikio yetu. Kipima gesi kimoja kwa kila leseni, na watu wawili waliofundishwa kukitumia, kingekuwa mwanzo mzuri. Sheria ya kwamba injini haishuki duarani kamwe, ikielezwa sababu yake kwa lugha tunayoelewana, ingefuatwa kuliko bango lililoandikwa HATARI.

Sasa niseme ukaguzi huwaje. Sehemu na watu sitavitaja. Tuliambiwa ugeni unakuja. Asubuhi kofia ngumu na buti vilitolewa stoo vikagawiwa, na jioni vikarudishwa vikiwa na alama za bei. Duara ambalo sote tulijua lina matatizo lilifunikwa na wageni wakaambiwa halifanyi kazi. Wakaketi kivulini na msimamizi, fomu zikajazwa, wakashukuru, wakaondoka. Sisi tulikuwa hatua chache kutoka pale, tumekaa juu ya viroba. Hakuna aliyetugeukia. Sidhani walikuwa watu wabaya. Nadhani walipangiwa kuzungumza na mwenye leseni, na mwenye leseni walizungumza naye. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wenye leseni wengi hawajashuka duarani miaka mingi. Wengine hawajawahi kabisa.

Mtaniuliza: mbona hamkusimama mkasema wenyewe?

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Machimboni kwetu wengi hatuna mshahara wala mkataba wa maandishi. Kuna mwenye leseni, chini yake kuna mwenye duara, pembeni kuna mfadhili anayetoa chakula, mafuta na baruti, kisha msimamizi, kisha sisi. Tunalipwa kwa viroba vya mawe. Mzigo ukipanda, gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa. Usipopanda mzigo, umefanya kazi bure. Siku tunayopanga matimba hakuna kiroba kinachopanda. Siku tunayoangusha mawe yaliyolegea hakuna kiroba. Siku tunayosubiri hewa ya baruti itoke hakuna kiroba. Kazi yote ya kuzuia kifo haihesabiki kama kazi. Mimi fundi wa matimba nimezoea kuitwa mcheleweshaji, na wanaoniita hivyo ni vijana ninaowapangia miti juu ya vichwa vyao. Siwalaumu, wana watoto.

Halafu kuna suala la kufungiwa. Hatari ikifika kwa mamlaka, mara nyingi jibu tunaloliona ni kufunga eneo zima. Linafungwa duara bovu na maduara mazuri, linafungwa karasha, mashine ya kusaga mawe, unakauka mwalo tunapooshea dhahabu, mama lishe anarudi na sufuria zake, bodaboda hana abiria. Na kila mtu atajua ni nani aliyesema kabla jua halijazama. Mchimbaji anayefikiria kutaja ufa alioona anapima vitu viwili: uwezekano kwamba ufa huo utamuua, na uhakika kwamba kusema kutawanyima chakula watu anaoishi nao. Anachagua kunyamaza. Ningekuwa na umri wake ningenyamaza pia. Mkitaka tuseme, kwanza ondoeni adhabu ya kusema.

Najua sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazungumzia wawakilishi wa usalama na afya kwenye sehemu za kazi, watu ambao pamoja na mambo mengine wanatakiwa kubaini hatari na kupokea malalamiko ya wenzao. Ni sheria nzuri. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa mwajiri na mwajiriwa, na duarani ukimtafuta mwajiri, mwenye leseni atamwonyesha mwenye duara, mwenye duara atamwonyesha mfadhili, mfadhili atasema yeye alikopesha tu. Ukimtafuta mwajiriwa, utaambiwa hawa ni washirika, wanagawana. Tunakuwa washirika siku ya hasara na siku ya msiba.

Na ninachokiomba si kigeni. Mkataba Namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu usalama na afya migodini, ulipitishwa mwaka 1995. Humo imeandikwa kwamba mfanyakazi wa mgodini ana haki ya kutoa taarifa za ajali na hatari kwa mwajiri na kwa mamlaka, kuomba ukaguzi ufanyike, kujulishwa hatari zilizopo mahali pake pa kazi, kuondoka mahali anapoona kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa kwa maisha yake, na kuchagua pamoja na wenzake wawakilishi wao wa usalama. Kuchagua, wakubwa zangu. Pale ambapo mwakilishi ameteuliwa na mwenye duara, tunamwita mtu wa bosi, na hakuna atakayemwendea. Mwaka 2022 shirika hilohilo liliweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini, ambazo kila nchi mwanachama, Tanzania ikiwemo, inawajibika kuziheshimu. Nimeambiwa mara kadhaa kwamba haki hizi ni za migodi mikubwa. Ukiusoma mkataba wenyewe, hausemi hivyo.

Sijataja bado wale wasioshuka, na nisingependa wasahaulike kama kawaida. Wanawake wanaoponda mawe na wanaokaa karibu na karasha wanakula vumbi kutwa nzima, na baadhi wamebeba watoto mgongoni. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina madini yaitwayo silika. Lile linaloonekana likitimka si baya kuliko yote. Baya zaidi ni lile laini lisiloonekana, linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyafanya kovu lisilopona. Mtu mwenye mapafu ya namna hiyo anapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, anatibiwa, anarudi kwenye vumbi lilelile, anaugua tena, na jirani wanaanza kusema amelogwa. Kumwagia maji mawe wakati wa kuponda kunapunguza vumbi sana. Waulizeni hao akina mama ni nani kati yao aliyewahi kuambiwa hivyo, na kama maji yenyewe yapo. Kisha mwulizeni anayechoma zebaki ili kuitenga na dhahabu kwenye kikaango nyuma ya nyumba, mlango wa jikoni ukiwa wazi, kama anajua kwamba mvuke ule ndio unaoingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu, na kwamba mimba na mtoto mdogo ndio wanaoumia zaidi. Wanaojua wapo. Wanakosa chombo cha kunasia mvuke, na hakuna kikao walichoitwa wakaulizwa wanahitaji nini. Kamati za machimbo nilizoziona ni za wanaume watupu.

Sasa niwaeleze jambo linalowezekana, kwa sababu tumelijaribu. Lipo duara moja ninalolifanyia kazi ambalo mwenye duara amekubali tufanye kikao kifupi kila kabla ya kushuka, mdomoni mwa duara, tukiwa tumesimama. Vijana waliowahi kufanya kazi migodi mikubwa ndio waliolileta wazo, kwa kuwa huko kikao cha kabla ya zamu ni kawaida. Sisi tumeongeza yetu. Zamu inayotoka haiondoki mpaka imezungumza na inayoingia. Na anayeanza kuzungumza ni mdogo kuliko wote. Hili tulijifunza mapema: kwetu sisi Wanyamwezi na Wasukuma mkubwa akishatoa neno, kijana hatalipinga mbele ya watu, ataitikia, ashuke na hofu yake. Akianza yeye, mkubwa atajazia. Lugha ni yoyote anayoitaka mtu, Kisukuma, Kinyamwezi, Kiha cha wenzetu waliotoka Kigoma, au Kiswahili. Atatokea wa kumtafsiria mwingine. Tuna ubao tulioupaka rangi nyeusi, tumechora duara kwa chaki, na mahali palipotajwa panawekwa alama. Asiyejua kusoma anaiona alama kama msomi anavyoiona.

Yanayotajwa mara nyingi ni madogo. Kamba ya winchi imeanza kuchanika nyuzi karibu na ndoano. Ngazi ya tatu inatikisika. Mmoja ana homa na anaona haya kusema, mwenzake amemsemea. Wakati mwingine kinachotajwa tukikikagua hatukuti kitu, tunashuka, hakuna anayechekwa. Jambo hilo la kutochekwa nadhani ndilo lililokifanya kikao kiishi. Mwenye duara aliogopa tungepoteza muda. Sasa yeye mwenyewe akifika huuliza ubaoni kuna nini leo. Amekubali pia kwamba kazi ya matimba iingie kwenye gharama zinazotolewa kwanza, pamoja na mafuta na baruti, kabla mzigo haujagawanywa. Tangu hapo hakuna aliyeniita mcheleweshaji katika duara lile.

Ni duara moja. Halilindwi na chochote isipokuwa ubinadamu wa mtu mmoja, na akiuza, au mfadhili akibadilika, kesho ubao utakuwa kuni. Ndiyo maana nawaandikia.

Tume ya Madini, mnapotoa na kuhuisha leseni za uchimbaji mdogo mnaweza kudai vitu. Daini daftari la hatari kwa kila duara lililo ndani ya leseni, lenye sahihi au alama ya dole gumba ya wawakilishi waliochaguliwa na wachimbaji wenyewe, likionyesha nini kilitajwa, nani aliambiwa, na kilifanywa nini. Leseni yenye daftari tupu kabisa iwatie shaka kuliko yenye daftari lililojaa, kwa kuwa hakuna duara lisilo na hatari. Na hatari ikitajwa na wachimbaji wenyewe, fungeni sehemu hiyo peke yake, toeni muda wa kurekebisha, kisha rudini kuangalia. Mkifunga eneo zima kwa sababu ya mtu mmoja mkweli, mtakuwa mmewafundisha wengine wote kunyamaza.

OSHA, naomba mtusaidie kumaliza ule mchezo wa mwajiri ni nani. Andikeni mwongozo unaosema wazi kwamba kwenye machimbo madogo mwenye leseni na mwenye duara wanawajibika pamoja, iwe wanalipa kwa fedha au kwa viroba. Wasajilini wawakilishi wetu na kuwafundisha, na kwenye kila machimbo mmoja wao awe mwanamke kutoka kwenye karasha au mwalo. Mkija kukagua, tengeni muda wa kuzungumza na wachimbaji bila msimamizi kuwepo, na mkimaliza, mlichokiona msomeni palepale kwa sauti, mbele ya wote. Taarifa inayoondoka na gari haitusaidii kitu sisi tunaobaki.

Wakuu wa Wilaya na vyama vyetu, ninyi mna uwezo wa kuwakalisha wenye leseni, wenye maduara na wafadhili wakubaliane juu ya hili la mgawo. Naliona ndilo gumu kuliko yote, na ndilo litakalookoa wengi. Muda wa kupanga matimba, kuangusha mawe, kusubiri hewa na kufanya kikao uhesabiwe kabla ya kugawana. Na iandikwe kwamba anayekataa kushuka kwa sababu aliyoitaja mbele ya wenzake hapotezi nafasi yake katika timu. Bila hayo mawili, wawakilishi na madaftari yatakuwa mapambo.

Jambo moja la upande, lakini linanigusa kazini. Matimba yanahitaji miti, na miti mizuri inazidi kuwa mbali na ghali. Naunga mkono kulindwa kwa misitu ya miyombo, sitaki Tabora iwe jangwa. Lakini fundi akikosa mti mgumu wenye kibali, anapewa fito, na fito zinapangwa hivyohivyo kwa sababu kazi ya duara haiwezi kusimamishwa. Wanaosimamia misitu na wanaosimamia madini wakae pamoja watuambie mti halali wa matimba unapatikana wapi kwa bei inayolipika, na upandaji wa miti kwa ajili ya machimbo uanze. Ninyi mkikaa meza moja, mafundi tutakuja kuwaambia mti gani unalia kabla ya kuvunjika na upi unakatika kimya.

Tuna Chuo cha Madini, na kampasi yake iko hapahapa Nzega. Wanafunzi wake wanajifunza mambo ya hewa, mwamba na ulipuaji. Naomba wapangiwe kuja kwetu, wakae kwenye vikao vyetu vya mdomoni mwa duara, watufundishe kutumia kipima gesi, nao wasikie mtaimbo ukigonga mahali palipoachana. Sitegemei kama hilo litahitaji bajeti kubwa.

Najua kuna watakaosema wachimbaji hawana elimu ya kutambua hatari, au kwamba watatumia hatari kama kisingizio cha uvivu. Mtu anayelipwa kwa kiroba hana faida yoyote ya kuzua hatari. Kila saa anayobaki juu inamtoka mfukoni mwake. Kuhusu elimu, mwaka 2015 pale Nyangarata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 ardhini, wakiwa wamekula wadudu na kunywa maji yaliyokuwa yakidondoka. Watu wanaoweza kuishi siku 41 gizani kwa kulisoma shimo walilomo, wanaweza kusimama mbele ya ubao asubuhi na kusema ni wapi panatisha.

Dhahabu yetu tukiipeleka kwenye masoko ya madini inapimwa kwa mizani safi, inaandikwa, inatolewa risiti, serikali inapata mrabaha wake. Utaratibu huo ulianza mwaka 2019 na umetusaidia, wachuuzi wa vichochoroni wamepungua nguvu. Naamini nchi iliyoweza kuandika kila gramu inayotoka Nzega inaweza kuandika na ufa uliotajwa na kijana asubuhi ya Jumanne.

Naomba jibu lenu mlibandike machimboni, kwenye mbao za vijiji, ambako sote tutalisoma au kusomewa. Na mkiamua kuja kabla ya Novemba, msije saa nne mkakaribishwa kivulini. Njooni alfajiri, muda wa zamu kupokezana, wakati wanaotoka na wanaoingia wote wako mdomoni mwa duara. Hapo mtatukuta sote, na tutawaambia.

Wenu katika kazi,

Fundi wa matimba
Nzega, Tabora